Mpiga Picha Unayetaka Kuongoza Filamu, Anza na Watu Wanaokujua Tayari

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wapiga picha wenzangu hapa Dar es Salaam ni la kamera: "Kaka, ninunue ipi niwe dairekta?" Jibu langu halibadiliki. Hiyo uliyopigia harusi Jumamosi iliyopita inatosha. Usiende Kariakoo wiki hii. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) za miaka hii zinarekodi video safi kuliko uwezo wa wengi wetu wa kuzitumia, na pesa unayotaka kuimwaga kwenye kamera mpya utaihitaji kwenye maikrofoni, nauli na chakula cha watu.

Mimi kazi yangu ni picha. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, mara mojamoja bidhaa za wenye maduka. Na ninaongoza filamu fupi na video za muziki. Kazi hizi mbili nazifanya pamoja na sina mpango wa kuiacha ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayonipa watu, na bila watu sina filamu. Ninayoandika hapa ni kwa yule ambaye tayari anaujua mwanga, anayeweza kumfanya bibi harusi aliyechoka atabasamu kwa kweli, ila hajui aanzie wapi kuongoza filamu yake ya kwanza.

Kisa kimo ndani ya diski zako

Filamu yangu ya kwanza ilitoka kwenye gari la matarumbeta. Anayepiga harusi Dar anawajua hawa jamaa. Kirikuu inatangulia msafara, nyuma wamesimama vijana na wazee wenye tarumbeta, tromboni na ngoma, wanapuliza kutoka Temeke mpaka ukumbini Mbezi, jua kali, vumbi, mashavu yamejaa pumzi. Kwa miaka niliwapiga picha kwa sababu wako mbele ya gari la maharusi na huwezi kuwakwepa. Nikawa nawachapishia mbilitatu nawapelekea, wakanizoea. Siku nilipotaka kutengeneza filamu sikutafuta mada. Nilifungua diski nikaangalia sura zinazojirudia, na moja ilijirudia kuliko zote: mzee mpuliza tarumbeta, ambaye kwenye picha za zamani amesimama mbele kabisa, nyuma ya kibini, na kadiri miaka inavyokwenda anasogezwa nyuma, mpaka mwisho ameshika ngoma. Meno ya mbele yalikuwa yanamtoka. Tarumbeta haipulizwi kwa mapafu peke yake; midomo inahitaji meno ya kuegemea. Mkasa wote ulikuwa umeshahifadhiwa kwenye picha za harusi za watu wengine.

Ndiyo maana nasema fungua diski zako kwanza. Chagua mtu au kundi ambalo umelipiga picha tena na tena bila mteja kukuagiza. Chapisha picha ndogo za 4R (inchi 4 kwa 6), 30 au 40 hivi, zitandaze sakafuni, zipange kwa miaka. Halafu jiulize: huyu mtu anataka nini, na nini kinamzuia? Picha zikijibu swali la kwanza tu, una makala nzuri ya picha, ichapishe na uishie hapo. Zikijibu yote mawili, una filamu. Na pale ambapo picha zinaruka, pale unapojiambia "hapa katikati kuna jambo lilitokea", ndipo kamera ya video inapotakiwa kwenda.

Wakubwa wa kazi hii walipita humohumo. Stanley Kubrick alikuwa mpiga picha wa jarida la Look jijini New York. Januari 1949 jarida hilo lilichapa habari yake ya picha kuhusu bondia Walter Cartier, na filamu yake fupi ya kwanza, iliyotoka 1951, ilimfuata bondia huyohuyo siku ya pambano. Agnès Varda alikuwa mpiga picha wa kampuni ya tamthilia ya Jean Vilar huko Ufaransa. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1955, aliipigia Sète, mji wa bandari alikokuwa ameishi akiwa binti, katika mtaa wa wavuvi. Gordon Parks wa Marekani aliajiriwa na jarida la Life mwaka 1948, na filamu yake ya kwanza ya studio kubwa ilitoka 1969, umri wake umevuka miaka 55. Aliipigia Fort Scott, Kansas, mji aliozaliwa, kwa hadithi iliyotokana na utoto wake. Wote watatu walianza na watu na mahali walipopajua.

Huku kwetu ninayemtaja kwa vijana ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963. Alipiga picha mnato, yaani zisizotembea, na akapiga filamu za habari, na filamu aliyoipiga Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984, ndiyo iliyowafanya watu wa mabara mengine waione njaa iliyokuwepo huko. Hakuongoza hadithi za kuigiza. Lakini kijana anayeambiwa na ndugu zake "chagua moja, picha au video" namwambia akasome habari za huyu bwana.

Sauti kabla ya lenzi nyingine

Sisi wapiga picha tumelelewa na macho. Ukumbini tunasimama ubavuni mwa spika za DJ usiku kucha na hatusikii chochote, kwa sababu kazi haitudai kusikia. Video nyingi za wapiga picha zinapendeza ukizitazama bila sauti. Mtazamaji atavumilia shoti yenye ukungu kidogo. Maneno yasiyosikika hayavumilii hata dakika moja. Basi pesa ya kwanza iende huku: maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, kinasa sauti kinachojitegemea, na hedifoni zinazoziba masikio. Hedifoni zikae kichwani muda wote wa kurekodi. Asiyezivaa hajui anachorekodi.

Kwa mazungumzo, weka kiwango ambacho mtu akiongea kawaida sauti inafika -12 dB hivi kwenye mita ya kinasa, ili akicheka au akipaza kuwe na nafasi. Matarumbeta ni habari nyingine kabisa. Tarumbeta ikipulizwa hatua moja kutoka kwenye maikrofoni inapasua kila kitu, na sauti iliyopasuka vibaya hakuna programu itakayoirudisha. Niliweka vinasa viwili. Kimoja ndani ya kibini, kikisikiliza bendi kupitia dirisha la nyuma. Kingine kwa kiongozi wa bendi, kiwango kimeshushwa sana, maikrofoni imefunikwa manyoya ya kuzuia upepo na kubanwa chini ya kola ya shati, upande usioelekea tarumbeta. Siku hizi kuna vinasa vya biti 32 (32-bit float) vinavyosamehe mengi kwenye viwango, ila maikrofoni yenyewe bado inaweza kulemewa, kwa hiyo kusogea mbali ndiyo dawa ya uhakika.

Ukifika mahali pa mahojiano, kaa dakika chache umefumba macho. Utaisikia Dar yote: friji, feni, jenereta ya jirani, bajaji, jogoo, kijana anayechomelea mageti. Feni na friji zima. Ukizima friji ya watu, weka funguo zako za gari au pikipiki humo ndani, hutaondoka ukaiacha nyama ya wenyewe iharibike. Saa za adhana ziulize mapema upange mazungumzo katikati. Mimi hupenda baada ya swala ya Alasiri, kwa kuwa jua nalo limeanza kuinama na sura za watu zinapendeza. Lakini muda huo usiuchezee. Sisi tuko karibu na ikweta. Dar jua linazama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo jioni mwaka mzima, na giza linafuata upesi. Mwanga mzuri ni nusu saa hivi. Shoti unayoitaka sana iwe imeshapangwa kabla haujafika, watu wako mahali pao, betri mpya iko ndani.

Kabla ya kufungasha, waombe wote wanyamaze urekodi dakika moja ya mahali penyewe. Kila chumba kina sauti yake hata kikiwa kimya, na mhariri ataitumia kujazia mianya kati ya maneno.

Kamera, kwa ufupi

Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na shata ya 1/50 au 1/100 ndiyo inayopunguza mistari ya kupepesa chini ya taa za ukumbini. Shata ikishafungwa hapo huwezi tena kuupunguza mwanga wa saa saba mchana kwa kuongeza kasi, kama tulivyozoea kwenye picha, kwa hiyo nunua kichujio cha ND, kile kioo cheusi cha kuvisha lenzi ili kupunguza mwanga. Funga pia mizani ya rangi (white balance), 5600K ukiwa juani. Kamera ikiachwa ijichagulie itabadilisha rangi ya uso wa mtu katikati ya sentensi. Jizoeze kulaza fremu. Picha zetu nyingi za maharusi ni za wima, na kwenye fremu pana ya video, 16:9, mtu mzima aliyesimama anabaki mdogo na pembeni panabaki patupu, mpaka ujifunze kupatumia: mlango, mtu wa pili, barabara. Na hesabu nafasi. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Kila jioni nakala mbili kwenye diski mbili, na diski hizo zisisafiri begi moja.

Inatosha. Mengine ya kamera unayajua.

Kuongea na watu

Hapa ndipo mpiga picha anapopaswa kubadilika kuliko mahali pengine pote. Amri zetu za picha ni za kusimamisha: kidevu juu, bega chini, tulia hivyohivyo, moja, mbili. Mtu aliyeamriwa hivyo mbele ya kamera ya video anakauka. Kwenye filamu unampa mtu kitu cha kufanya. Mzee wangu, kila nilipomkalisha kitini nikamwomba anisimulie, alinisomea risala: alizaliwa wapi, alianza lini, anawashukuru nani. Nikamwomba aisafishe tarumbeta yake kama anavyoisafisha Ijumaa usiku. Akachukua kitambaa na mafuta ya valvu, akainamia kazi, na maneno yakaanza kutoka yenyewe, ya matusi kidogo na ya mapenzi mengi. Mikono ikiwa na shughuli, mtu anaisahau kamera.

Siku ya kwanza kamera isitoke begini. Shikamoo, ukae, unywe chai uliyopewa, uulize habari za wajukuu. Wazee wa Pwani wanamsoma mgeni tangu anavyovua viatu na kukaa mkekani, na wakikuona una haraka watakupa majibu ya mtu mwenye haraka. Siku ya pili itoe kamera uiweke pembeni imezimwa. Ukianza kurekodi, uliza maswali yanayodai kisa: "Nisimulie, babu, siku ya kwanza ulipopanda gari la bendi ilikuwaje?" Ukiuliza "Je, unaipenda kazi yako?" utajibiwa "Ndiyo, naipenda, namshukuru Mungu," na mazungumzo yameisha. Mwombe alitaje swali ndani ya jibu lake, kwa kuwa sauti yako itakatwa. Na akimaliza, usikimbilie swali linalofuata. Nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano. Jibu la kwanza mara nyingi ni la heshima kwako. La kwake mwenyewe linakuja baada ya hapo.

Mwambie ukweli wa unachofanya. Mtu anayepuliza tarumbeta kwa posho ya siku ana haki ya kujua sura yake itaonyeshwa wapi, kama kuna malipo au hakuna, na kwamba anaweza kukataa sehemu yoyote. Mzee alikataa nisimpige akiwa amefungua kinywa. Nilikubali palepale. Filamu ikalisimulia lile pengo la meno kwa sauti peke yake: noti moja ya juu ambayo zamani aliishika, na sasa inakatika katikati, anairudia, inakatika tena. Sijapiga picha yoyote yenye uzito wa sekunde zile. Heshima kwa mtu unayempiga haiibani filamu. Inakulazimisha kutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa bora.

Ukifika kwenye hadithi za kuigiza, usimwambie mwigizaji "ongeza huzuni". Hilo halitendeki. Mwambie anachokitaka kwa mwenzake: mzuie asitoke, mfanye aombe msamaha, mfiche kwamba barua umeshaisoma. Uso utakuja wenyewe. Waigizaji wetu wengi wamekulia kwenye utaratibu wa kupewa kisa kwa mdomo na kubuni maneno papo hapo, na wana kipaji kikubwa cha hilo. Mimi nawaacha wabuni wakati wa mazoezi, naandika yaliyo mazuri, kisha tukirekodi tunayashika yaleyale ili shoti ya mbali na ya karibu zioane. Onyesho lote lipitieni mwanzo mpaka mwisho kabla ya kulikata vipande, maana mwigizaji aliyeanza na kipande cha katikati hajui ametoka wapi. Marekebisho yatoe kando, kwa sauti ya chini. Ukimsahihisha mama mtu mzima mbele ya vijana wa taa, siku hiyo humpati tena.

Shoti zinazoungana

Mpiga picha mzuri anasubiri sekunde moja, anaipata, anashusha kamera. Kwenye filamu tabia hiyo inamtia njaa mhariri. Anza kurekodi sekunde kadhaa kabla ya tendo na uendelee sekunde kadhaa baada yake, kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa cha mshono. Mtu akitoka mlangoni, mwache atoke kabisa kwenye fremu. Kila mahali chukua mahali penyewe kwa upana, mtu akiwa kazini, mikono, uso, na kile anachokitazama. Hicho cha mwisho ndicho tunachokisahau sote tuliotoka kwenye picha, kwa sababu kwenye picha uso peke yake unatosha.

Chunga uelekeo. Gari la matarumbeta likienda kutoka kushoto kwenda kulia, baki upande uleule wa barabara kwa msafara mzima. Ukivuka, kwenye skrini gari litaonekana linarudi lilikotoka, na maharusi nao wanarudi kwao. Ikibidi kuvuka, piga kwanza shoti ya gari likija moja kwa moja kwako. Ukishaonyesha hiyo, jicho la mtazamaji linakubali kuhamishwa.

Filamu ya kwanza usiihariri mwenyewe, hata kama programu unaijua. Tafuta mhariri mwenye uzoefu ambaye hakuwepo siku ya kurekodi. Wewe unakumbuka ulivyoning'inia nyuma ya gari kuipata shoti. Yeye anaona kilichomo tu, na kama hakimo ataitupa. Varda, pamoja na jicho lake lote, filamu ile ya Sète ilihaririwa na Alain Resnais. Kaa pembeni ya mhariri wako, uliza kwa nini anakata hapo na si pale. Utajifunza upigaji zaidi kwenye kiti hicho kuliko barabarani.

Mahali pa kujifunzia huku unalipwa

Kuna kazi moja ambayo wapiga picha wa harusi hawaifikirii: kupiga picha mnato kwenye seti za filamu, tamthilia na matangazo ya wengine. Kila mtayarishaji anahitaji picha za bango na za mitandao, na wachache wanakumbuka kumleta mtu wa kazi hiyo. Jipeleke. Unasimama karibu na mwongozaji siku nzima, unaona anavyopanga siku yake, anavyoongea na mwigizaji aliyechelewa, anavyoamua kuacha shoti tatu kwa sababu mvua inakuja, na jioni unalipwa. Tumia shata ya kielektroniki isiyo na mlio. Usisimame kwenye mstari wa macho ya mwigizaji. Picha za karibu zipige wakati wa mazoezi ya mwisho, si wakati wa kurekodi. Ukijulikana kwa utulivu wako, utaitwa tena.

Nyingine ni video za muziki. Bajeti ni ndogo na msanii anataka matokeo kesho, lakini zinakuzoesha kuamuru watu wengi kwa wakati mmoja. Nikupe ujanja mmoja. Ukitaka msanii atembee taratibu kwenye skrini huku midomo yake inafuata wimbo, rekodi fremu 50 kwa sekunde, na pale kwenye seti upige wimbo kwa kasi mara mbili. Ukirudisha kwenye 25, mwili unakwenda polepole na maneno yanakaa sawa. Kwa singeli, ambayo tayari inakimbia, hilo ni jaribio la pumzi ya msanii, kwa hiyo tumia kwa mistari michache tu.

Pesa, karatasi na ruhusa

Mapato ya picha yana msimu, na msimu huo ndio ratiba yako ya filamu. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, Waislamu wengi husubiri Ramadhani ipite. Mwaka 2026 vipindi hivyo viwili vilianza karibu siku moja, katikati ya Februari, na kalenda za wapiga picha wa mjini zikawa nyeupe. Wenzangu huiogopa miezi hiyo. Mimi ndipo ninapopiga filamu, kwa kuwa kamera iko huru na marafiki wenye taa nao wako huru. Ili hilo liwezekane, kila malipo ya harusi kuanzia Oktoba ukate sehemu uiweke kwenye laini ya simu au akaunti isiyoguswa. Kiasi chake unakijua mwenyewe. Cha lazima ni kukikata siku ileile pesa inapoingia.

Walipe watu. Hata kama ni kidogo, iwe imetajwa kabla na itolewe siku ileile. Chakula kije saa saba, si saa kumi. Kikundi kilichoshiba kinasubiri jua. Chenye njaa kinaangalia daladala.

Halafu kuna wateja wako wa harusi. Niliporekodi bendi kwenye harusi niliyoajiriwa kupiga picha, niliwaomba maharusi ruhusa kwa maandishi wiki kadhaa kabla, nikamweka msaidizi kwenye picha za siku hiyo, na nyuso za wageni ambao hawakuridhia sikuzitumia. Siku yao ni yao. Anayeigeuza malighafi ya filamu yake bila kuwauliza amewaibia.

Ruhusa za serikali zianze mapema. Tanzania Bara kibali cha kupiga filamu kinatoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Zanzibar ina chombo chake, BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kenya leseni inatolewa na bodi yao ya uainishaji wa filamu. Droni ni suala la mamlaka ya usafiri wa anga, na usiirushe kwa kudhani hakuna atakayeiona. Zaidi ya hivyo, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujitambulishe, upate barua. Barua hiyo imenisaidia barabarani kuliko karatasi zote. Kwa wahusika, tengeneza fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, uwasomee kwa sauti kabla hawajasaini.

Muziki usiuchukulie poa. Matarumbeta wanapuliza nyimbo za kwaya, taarabu na bongofleva, na kila moja ina mtunzi. Wimbo wa mtunzi kupulizwa barabarani ni jambo moja. Wimbo huo kukaa ndani ya filamu yako ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa haki ya kuombwa. Nilimwomba kiongozi wa bendi atunge kipande chake mwenyewe, tukaandikiana, akalipwa. Kipande hicho sasa wanakipuliza kwenye harusi.

Kuionyesha

Onyesho la kwanza liwe kwa wenyewe. Shuka jeupe, projekta ya kukodi, spika moja nzuri, uani kwa kiongozi wa bendi, wajukuu wakiwa wamekaa mbele. Utajua palepale ni wapi filamu inarefuka, maana watu wanaanza kuongea, na wapi imeshika, maana hata watoto wananyamaza. Mimi nilirudi kwa mhariri baada ya usiku ule tukapunguza.

Baada ya hapo fikiria matamasha. Lililo karibu nasi kuliko yote ni ZIFF, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, tamasha la nchi za jahazi, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, ambalo makao yake ya miaka mingi yamekuwa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, Zanzibar. Soma masharti yao polepole: urefu unaoruhusiwa, mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya mwisho. Weka manukuu ya Kiingereza, yale maandishi ya chini ya picha, hata kama unaona hadithi inaeleweka, na manukuu hayo yatafsiriwe na mtu anayezijua lugha zote mbili, kwa kuwa utani wa wapuliza tarumbeta ukitafsiriwa na mashine hauchekeshi mtu. Hifadhi pia nakala moja ya filamu isiyo na maandishi yoyote juu yake. Tamasha la nchi nyingine litaihitaji kuweka manukuu yake.

Na hapa kazi yako ya kwanza inakupa kitu ambacho waongozaji wengi hawana. Matamasha yanaomba picha mnato za filamu, kubwa na safi, na wengi wanatuma fremu zilizokatwa kwenye video, laini, zenye ukungu wa mwendo. Katika kila siku ya kurekodi tenga dakika 15 upige picha halisi za mahali hapo na wahusika hao, kwa lenzi yako nzuri. Chagua tano: moja ya kulala yenye nafasi tupu ya kuandikia jina, moja ya wima kwa bango, uso mmoja, watu wengi pamoja, na wewe ukiongoza. Zihifadhi kwa ukubwa wake wote, na kila faili uipe jina la filamu, mwaka, na jina la aliyepiga.